Litazame Tuta la Lambo Lako Kabla Mvua Hazijaanza

Leo tuache kidogo habari za mbegu na mbolea, tuzungumze juu ya lambo. Sina maana ya lile bwawa kubwa la serikali lenye mlinzi na mhandisi wake. Nina maana ya lambo lako wewe, ulilolijenga mwenyewe, au alilolijenga baba yako, au ulilolikuta siku ile uliponunua shamba. Lile lenye tuta la udongo bondeni, ng'ombe wanakunywa hapo, bustani ya mchicha na nyanya inamwagiliwa kutoka hapo, na watoto wanavua kambare hapo siku ya Jumapili.

Wenye malambo wengi huyatazama upande mmoja tu, upande wa maji. Mtu akipita asubuhi anajiuliza, je, maji yamefika wapi? Yamepungua kiasi gani? Basi, anakwenda zake. Ule upande wa pili, upande mkavu wenye majani na vichaka, hana habari nao. Anaweza kumaliza mwaka mzima hajashuka huko hata mara moja, labda awe anamtafuta mbuzi aliyepotea. Na huko ndiko ugonjwa wa lambo unakoonekana kwanza. Kwa hiyo leo nakuomba tushuke sote, wewe na mimi, tutembee upande huo.

Kabla hatujashuka, tupime kwanza kitu tunachokizuia. Chukua lambo la kawaida lenye urefu wa mita 60, upana wa mita 40, na kina cha mita 2 kwa wastani. Zidisha, utapata mita za ujazo 4,800. Kila mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani madebe 50, na uzito wake ni tani moja. Kwa hiyo lambo hilo, ambalo pengine majirani wanaliita kidimbwi tu, limebeba tani 4,800 za maji, madebe 240,000. Ungetaka kuyahamisha maji hayo kwa lori la tani 7 ungehitaji safari karibu 700. Na mzigo wote huo umezuiwa na udongo uliorundikwa. Kule chini kabisa, kama maji yana kina cha mita 3, kila mita ya mraba ya tuta inasukumwa kwa nguvu ya tani 3, usiku na mchana, masika na kiangazi, hakuna likizo.

Sasa mzigo huo ukiachiliwa wote kwa mara moja? Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, tuta la bwawa lililokuwa katika shamba la mtu binafsi lilikatika baada ya mvua kubwa za masika. Maji yalishuka mteremko yakazikuta nyumba za watu gizani. Watu zaidi ya 40 walikufa, na miongoni mwao watoto wengi. Halikuwa bwawa la umeme wala la mji. Lilikuwa bwawa la kilimo, la kumwagilia. Hapa kwetu Tanzania, tarehe 7 Novemba 2022, tuta la bwawa la tope la mgodi wa almasi huko Mwadui, mkoani Shinyanga, lilibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba. Wakati huo tunashukuru hakuna aliyepoteza maisha.

Nayasema haya si kwa kukutisha ulibomoe lambo lako. Lambo ni mali, na katika sehemu kama Dodoma, Singida na Shinyanga lambo ndilo uhai wa mifugo. Nayasema kwa sababu tuta la udongo haliuawi na jambo la ghafla tu. Mara nyingi linaumwa kwanza, linaonyesha dalili, na dalili hizo anaweza kuziona mtu yeyote mwenye macho na fimbo ya kutembelea.

Haya, tuanze na maji kupita juu ya tuta. Hili ndilo linaloyamaliza malambo mengi kuliko jambo lingine lolote. Udongo, hata ushindiliwe namna gani, hauwezi kuvumilia maji yanayomwagika juu yake kwa kasi. Yakianza kupita mahali pamoja palipobonyea, tuseme kwenye njia ya ng'ombe, yanachimba kijifereji. Kijifereji kinakuwa mfereji. Mfereji unakuwa lango, na kwa lambo dogo kazi hiyo yote inaweza kwisha kwa muda usiotimia saa moja. Ndiyo maana kila lambo lazima liwe na njia ya kupitishia maji yaliyozidi, ambayo mafundi huiita utoro wa maji. Utoro ni ule mfereji mpana, wa kina kifupi, uliochimbwa kando ya tuta katika ardhi ya asili, ambao maji yakifika kimo fulani yanajiondokea yenyewe bila kugusa tuta.

Sikiliza hesabu hii. Tuseme bonde linaloleta maji lamboni kwako lina ukubwa wa kilomita moja ya mraba, jambo ambalo si kubwa. Inyeshe mvua ya milimita 50 katika alasiri moja. Maji yaliyoanguka katika bonde hilo ni mita za ujazo 50,000. Sehemu kubwa itanyweka ardhini. Tuseme theluthi moja tu ndiyo inayotiririka hadi lamboni. Hiyo theluthi ni zaidi ya mara tatu ya lambo lako lote! Kama lambo limekwisha jaa, maji hayo hayana pa kukaa. Lazima yapite. Swali ni moja tu, yatapitia utoroni au yatapitia juu ya tuta?

Na hapa lazima niseme wazi, maana jambo hili linaniudhi. Kuna wakulima ambao mwisho wa mvua huziba utoro. Wanapanga magunia ya mchanga, au mawe, au magogo na udongo, ili wapate nusu mita zaidi ya maji kwa kiangazi. Wengine wanaweka wavu utoroni samaki wasitoroke. Ati maji ni mali, kwa nini yapotee? Ndugu yangu, nusu mita ile unayoiiba utoroni unaiiba kwenye usalama wa tuta. Kati ya kimo cha maji yanapopita utoroni kwa wingi na mgongo wa tuta inatakiwa ibaki nafasi kavu, na kwa malambo madogo wataalamu hupenda isipungue mita moja kutoka sakafu ya utoro hadi mgongo wa tuta. Nafasi ile si ya bure. Ni ya mvua ile ambayo hujawahi kuiona, kama zile za El Nino za mwaka 1997 na 1998, na ni ya mawimbi siku ya upepo.

Kuna bwawa moja la udongo huko Pennsylvania, Marekani, liitwalo South Fork, ambalo mkasa wake unafundisha hadi leo. Lilijengwa na serikali kwa ajili ya mfereji wa mashua, kisha likauzwa kwa watu binafsi. Mwenye bwawa mmoja aliyafungua mabomba ya kutolea maji yaliyokuwa chini ya tuta akayauza kama chuma chakavu. Baadaye likanunuliwa na klabu ya matajiri waliopenda kuvua na kupumzika. Hao wakashusha mgongo wa tuta ili magari ya farasi yaweze kupita juu yake, na utoroni wakaweka vyuma vya wavu kuzuia samaki. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, na kila moja lilionekana dogo. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ikanyesha, takataka zikaziba ule wavu, bomba la kupunguzia maji halipo, tuta limeshushwa. Maji yakapita juu, tuta likaondoka, na kilomita 22 huko chini mji wa Johnstown ukazolewa. Walikufa watu zaidi ya 2,200. Basi ukiuona wavu utoroni kwako, uondoe leo. Usingoje kesho.

Utoro wenyewe uukague hivi. Uwe wazi toka mwanzo hadi mwisho, bila vichaka, bila gogo, bila kibanda cha mtu. Sakafu yake iwe sawa na iwe na majani mafupi kama ukoka, ambayo hushika ardhi vizuri. Kama maji yamechimba korongo kule mwisho wa utoro, jua kwamba korongo lile linapanda, kila mwaka linasogea juu kidogo kuelekea lamboni, na siku likifika, lambo litamwagikia hapo. Panga mawe, panda majani, lizuie lingali mbali. Tena utoro usiwe umechimbwa katika udongo wa kujaza. Uwe katika ardhi isiyotikiswa.

Mgongo wa tuta je? Simama mwisho mmoja, inama kidogo, tazama hadi mwisho wa pili kama seremala anavyoutazama ubao. Unaona pamedidimia? Mahali hapo ndipo maji yatakapochagua kupita. Tuta jipya hudidimia lenyewe kwa uzito wake, ndiyo maana fundi mzuri akijenga tuta la mita 4 huongeza juu sentimita 20 hadi 40 tangu mwanzo, na katikati huongeza zaidi. Tuta la zamani hudidimizwa na njia za watu, ng'ombe na pikipiki. Jaza sehemu hizo kwa udongo wenye unyevu kidogo, tabaka nyembambanyembamba, ushindilie kila tabaka. Kumwaga tu toroli la mchanga mkavu ni sawa na kufunika kidonda kwa jani.

Sasa tushuke upande wa nyuma. Vua viatu kama unapenda, maana mguu utakuambia mambo kabla ya jicho. Tembea kwenye mguu wa tuta, pale linapokutana na ardhi, toka upande mmoja wa bonde hadi wa pili. Unatafuta unyevu. Kama ni kiangazi na majani yote yamekauka, lakini mahali fulani pana kijani kibichi, au pameota matete, hapo maji yanapita. Kuvuja kidogo kwa tuta la udongo si ajabu. Karibu kila tuta linavuja kiasi fulani. La muhimu ni mambo mawili, kama maji hayo ni safi au machafu, na kama yanaongezeka.

Chukua chupa nyeupe ya glasi au ya plastiki, kinga maji yale, uiweke mezani usiku kucha. Asubuhi tazama kitako cha chupa. Maji yakiwa safi na hakuna kilichotuama, tuta linatoka jasho tu. Ukikuta mchanga au tope chini ya chupa, maana yake maji yanapotoka yanabeba tuta lako punje kwa punje. Huko ndani pameanza tundu, na tundu hilo linakua kurudi nyuma kuelekea lamboni, wewe huku juu huoni kitu. Kuhusu kuongezeka, chimba kijifereji kinachoyakusanya maji mahali pamoja, weka debe chini yake, hesabu dakika linazochukua kujaa. Andika tarehe, andika na kimo cha maji lamboni. Kama mwezi huu debe linajaa kwa dakika 10, na mwezi ujao kwa dakika 4 ilhali lambo halikupanda, usikae kimya.

Kitu cha haraka kuliko vyote ni maji ya matope yanayotoka kwa nguvu. Tarehe 5 Juni 1976, huko Idaho, Marekani, bwawa la udongo la Teton, ambalo halikuwa dogo hata kidogo, maana lilikuwa na kimo cha mita 93, lilikuwa linajazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi maji machafu yakaonekana yanatoka upande wa nyuma. Wakatuma matingatinga kulisukumia tundu udongo. Tundu likayameza matingatinga. Saa sita mchana kasoro dakika tatu tuta likakatika. Watu 11 walikufa. Tangu asubuhi hadi mchana tu, na hapo palikuwa na wahandisi na mitambo yote. Sasa wewe na jembe lako?

Wakati mwingine maji hayatoki kwenye tuta lenyewe, yanabubujika kwenye ardhi tambarare nyuma yake, yanarusha mchanga na kuujenga kama kichuguu kidogo. Usiyazibe kwa udongo wa mfinyanzi. Nasikia mtu anasema, "Mbona kitu kinachovuja huzibwa?" Sufuria huzibwa, ndugu, lakini tuta ukiliziba nyuma maji yanabaki ndani, yanajaa, yanatafuta mahali pengine penye udhaifu, au yanalilainisha tuta zima likateleza. Upande wa nyuma dawa si kuziba. Dawa ni kuyaacha maji yatoke lakini kuuzuia udongo usitoke nayo. Weka tabaka la mchanga mkubwa safi, juu yake kokoto, juu yake mawe. Au zungusha magunia ya mchanga kama kisima kifupi, ili maji yapande humo ndani na yapungukiwe nguvu. Hiyo ni huduma ya kwanza tu. Mgonjwa bado anahitaji daktari, na maji lamboni bado yanahitaji kupunguzwa.

Wanyama wa kuchimba nao wasikupite. Fuko, nungu, kenge, kaa na mchwa wote hulipenda tuta, kwa sababu udongo wake ni laini na maji yako karibu. Mchwa ndio wabaya zaidi kwa maoni yangu, maana kichuguu unachokiona juu ni paa tu, nyumba yenyewe iko chini na vyumba vyake vimelipita tuta huku na huku. Ukikuta shimo, lichimbue lote hadi mwisho wake, kisha ulijaze na kulishindilia. Kuziba mdomo wa shimo tu ni kumfungia mlango mwizi aliyekwisha ingia.

Miti je? Najua hapa nitagombana na watu. Wengi wamepanda mikaratusi, miembe, mianzi na migomba juu ya tuta, wakiambiwa kwamba mizizi hushika udongo. Mlimani ni kweli. Kwenye tuta la lambo si kweli. Mzizi mkubwa ukifa huoza, na ulipokuwa mzizi panabaki bomba. Tena mti mkubwa ukiangushwa na upepo hung'oka na bonge la tuta. Tuta linataka majani mafupi yanayoshikana, basi. Vichaka vidogo vikate sasa hivi. Lakini kama mti umekwisha kuwa mnene kama paja la mtu mzima, usikimbilie kuung'oa lambo likiwa limejaa. Utafungua shimo usiloweza kulifunga. Mwite mtaalamu, mshushe maji kwanza, ndipo kisiki kitolewe na pajazwe kwa tabaka.

Ng'ombe wakatazwe kupanda tuta. Jenga birika la kunyweshea huko chini, vuta bomba. Na ukivuta bomba, tazama linapita wapi. Bomba lililopitishwa ndani ya tuta bila kushindiliwa vizuri pembeni yake ni njia iliyo tayari, maji yanalifuata kwa nje kama mchwa wanavyoufuata mti. Kila unapokagua, shika na pale bomba linapotokea. Pakiwa na unyevu kulizunguka bomba, mwite fundi.

Nyufa zinahitaji macho mawili. Ufa mwembamba juu ya mgongo wakati wa kiangazi, hasa kama tuta limejengwa kwa ule udongo mweusi wa mbuga, ni wa ukavu. Chimba kidogo uone unaishia wapi, jaza kabla ya mvua. Ufa unaolikata tuta kutoka upande wa maji kwenda upande wa nyuma ni hatari sana, kwa sababu maji yakipanda hadi hapo yanapata njia iliyonyooka. Ufa mrefu unaokwenda na urefu wa tuta na miisho yake imepinda kama mwezi mchanga, maana yake kipande cha tuta kimeanza kuteleza. Piga mambo mawili, moja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kila siku. Namba zikibadilika, usibaki ukipima tu. Tafuta msaada.

Ambaye hajajenga na anataka kujenga, nitamwambia machache, maana habari za ujenzi ni ndefu. Tuta la mita 4 lenye mgongo wa mita 3, likilala kwa kiasi cha mita 3 kwa kila mita moja upande wa maji, na mita 2 na nusu upande wa nyuma, kule chini litakuwa na upana wa mita 25. Ukimwona fundi anajenga tuta la kimo hicho lenye kitako cha mita 10, msimamishe. Udongo ujaribu mapema. Chukua bonge dogo kavu, ulitumbukize katika glasi ya maji ya mvua, usilikoroge. Likivunjika na kutuama, si neno. Lakini maji yakianza kuwa meupe kama maziwa pembeni ya bonge, udongo huo huyeyuka ndani ya maji, na tuta litakalojengwa nao litatoboka. Udongo wa namna hii upo sehemu nyingi kavu za nchi yetu, na kwa macho tu unafanana na mfinyanzi mzuri.

Kuna malambo mengine ambayo wenyewe hawajui kwamba ni malambo. Umeinua barabara ya shamba bondeni ukaweka kalvati moja, kalvati likaziba kwa magogo na tope, maji yakajikusanya nyuma ya barabara. Hilo tayari ni lambo, tena lisilo na utoro. Huko Mai Mahiu, Kenya, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliangamiza makumi ya watu. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wenye mamlaka wakaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya kupitia kuziba. Kwa hiyo kalvati zako zisafishe pia.

Kisha liko jambo la sheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, haimwachi mwenye bwawa afanye apendavyo. Kabla ya kujenga, kuinua tuta au kulibadilisha, nenda kwenye ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde lako, iwe Pangani, Rufiji, Wami na Ruvu, Bonde la Kati au jingine. Hao ndio wanaotoa vibali vya maji, na ndio watakaokuambia mhandisi gani ameidhinishwa kulikagua bwawa. Nchini Kenya kazi hiyo ya vibali ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Na usidhani kwamba kumpa kazi fundi kunakuondolea lawama. Kesi maarufu katika jambo hili ilitoka Uingereza. Rylands, mwenye kiwanda, aliajiri watu wamjengee bwawa katika ardhi yake. Mwaka 1860 maji yakapenya katika mashimo ya zamani ya makaa ya mawe yakaufurika mgodi wa jirani yake, Fletcher. Mwenye kiwanda mwenyewe hakuwa amezembea. Hata hivyo mwaka 1868 mahakama ya juu kabisa ikasema alipe, kwa sababu aliyekusanya katika ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, anakiweka kwa hatari yake mwenyewe. Kanuni hiyo mahakama zetu za Afrika Mashariki zinaijua.

Sasa fika mahali ambapo mimi ningependa uanzie, yaani kwa watu wa chini. Siku moja shuka bonde toka kwenye tuta, tembea kwa miguu nusu saa au zaidi ukifuata njia ya maji. Hesabu nyumba. Pengine lambo lilipojengwa hapakuwa na mtu, leo kuna mji mdogo, kuna shule, kuna watu waliojenga kwenye mchanga wa mto kwa sababu kiwanja kilikuwa bei nafuu. Hao wote wanalala chini ya maji yako, na wengi hawajui hata kama lambo lipo. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mjuane. Mkubaliane ishara moja, iwe ngoma, kengele ya kanisa, au kipaza sauti cha msikiti, na mkubaliane watu wapande kilima kipi. Waambieni wasifuate barabara ya bondeni. Andika namba za simu za jirani watatu walio karibu zaidi na mto, uziweke ukutani, si ndani ya simu tu, kwani usiku wa mvua simu huishiwa umeme.

Mvua kubwa ikinyesha, mtu mmoja mzima atembelee lambo asubuhi na jioni, na usiku wakati maji yanapanda kwa haraka. Asiende peke yake, wala asisimame juu ya tuta linalotikisika. Akiona maji ya matope yanatoka nyuma, au sehemu ya tuta imeteleza, au maji yamebakiza kiganja tu kufika mgongoni, jambo la kwanza ni kuwaondoa watu wa chini. La kwanza, nasema, kabla ya kutafuta jembe. Kisha mwarifuni afisa mtendaji, polisi na ofisi ya maji. Ndipo mfungue bomba la kutolea maji, au mpitishe mipira mipana juu ya tuta inayoyanyonya maji na kuyamwaga mbali na mguu wa tuta. Katika siku za kawaida maji yasishushwe zaidi ya sentimita 30 kwa siku, kwa sababu upande wa ndani uliolowa huteleza maji yakiondoka haraka. Wakati wa hatari hiyo hairuhusu kungoja. Kama lazima kuchimba njia, chimbeni mbali na tuta, kwenye ardhi ya asili upande wa bonde. Asiwepo mtu wa kukata tuta lenyewe "kidogo tu, maji yapungue." Tuta la udongo halikatwi kidogo.

Na lambo lililokauka kwa miaka miwili au mitatu, usilifurahie sana siku mvua za kwanza zinaporudi. Udongo uliokauka umepasuka, wanyama wamechimba, mizizi imekufa. Likague kabla, na kama lina bomba la chini liache wazi nusu, lijae polepole, wewe uwe unashuka kule nyuma kila siku na chupa yako. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya tope na mchanga unaoyajaza malambo, jambo lililopimwa katika mabwawa ya Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi karibu na Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwaheri.